Lulu wa Kaole: Maisha ya Mwigizaji Aliyeanza Utotoni

Yumkini baadhi ya wasomaji watashangaa kuona kurasa hizi, ambazo kwa desturi hushughulika na sarufi, ushairi na historia ya lugha, zikitolewa kwa mwigizaji wa filamu wa Dar es Salaam. Sababu yetu ni nyepesi. Sisi tunaofundisha Kiswahili mjini Kigali twajua kwamba wengi wa wanafunzi wetu hawakuianza lugha hii darasani. Wapo walioitoa Biryogo na Nyamirambo, mitaa ambayo tangu enzi za ukoloni imekuwa makazi ya wafanyabiashara Waislamu na wasemaji wa Kiswahili. Wapo waliorudi na wazazi wao kutoka Tanzania au Kongo baada ya mwaka 1994. Na wapo, tena si haba, waliokuja na Kiswahili kilichotoka katika filamu za Kitanzania, wakiwa na maneno yake, mikato yake na hata namna yake ya kununa.

Filamu ya kigeni ikifika Kigali aghalabu hupata mfasiri, mtu anayeketi na kipaza sauti na kuisimulia upya kwa Kinyarwanda. Kazi hii twaiita agasobanuye, na marehemu Nkusi Thomas, aliyefahamika zaidi kwa jina la Yanga, aliifanya iwe sanaa kamili. Lakini filamu za Dar es Salaam zilipoanza kuenea Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, wako waliozitazama bila mfasiri, wakibahatisha maneno kwa kuangalia nyuso. Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kazi kubwa ya kukizoesha masikioni mwa vijana ilikuwa imekwisha kufanywa, na si na sisi walimu.

Ndiyo maana jina la Elizabeth Michael, ambaye watu humwita Lulu, si jina geni hapa kwetu. Twataka kusimulia maisha yake kwa kuwa yana jambo ambalo hatujaliona likielezwa vya kutosha. Huyu ni mtoto aliyekua mbele ya macho ya watu wengi kuliko mtoto mwingine yeyote wa kizazi chake nchini Tanzania. Na siku ilipokuwa lazima kuujua umri wake, umri huo ukawa shauri la kubishaniwa mahakamani.

Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1995. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo televisheni ilikuwa imeanza Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwaka 1973, tena ya rangi, lakini Bara ilingoja hadi 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi, ITV kikiwa mojawapo. Vituo hivyo vilihitaji vipindi vya kujaza saa za jioni, na filamu za nje hazikutosheleza hamu ya watu ya kujiona wenyewe. Hapo ndipo vikundi vya maigizo vilipopata soko. Kikundi kilichovuma kuliko vyote kilikuwa Kaole, kilichojipa jina la kijiji cha kale kilicho karibu na Bagamoyo, penye magofu ya misikiti na makaburi ya tangu karne ya 13. Katika kikundi hicho walitoka wengi wa wale waliokuja kuitwa nyota: Mahsein Awadh, maarufu kwa jina la Dr Cheni, Vincent Kigosi aitwaye Ray, Blandina Chagula aitwaye Johari, na kuanzia mwaka 2002 kijana wa Shinyanga, Steven Kanumba.

Lulu aliingia Kaole akiwa angali mtoto mdogo, akiongozwa na Dr Cheni. Jina lake lenyewe ni somo zuri la msamiati. Lulu ni ile johari itokayo katika chaza, neno lililotufikia kutoka Kiarabu, nalo katika Uswahilini ni jina la kubembelezea mtoto wa kike. Jina la namna hiyo humfaa sana mtoto wa televisheni. Halina ubini wala halitaji kabila, na kila mtazamaji anaweza kulitamka kana kwamba mtoto ni wa kwake.

Inafaa tueleze kidogo namna michezo hiyo ilivyotengenezwa, maana bila kulijua hilo hatutaelewa mtoto alikuwa akijifunza nini. Aghalabu hapakuwa na maandishi kamili ya kukariri. Waigizaji walielezwa kisa na shabaha ya onyesho, kisha maneno wakayatunga wenyewe papo hapo mbele ya kamera. Kwa mwalimu wa lugha hili ni jambo la thamani kubwa, kwa kuwa Kiswahili kilichosikika kilikuwa kile cha uani, cha foleni ya maji na cha ugomvi wa mawifi, wala hakikupitishwa katika ungo wa mhariri. Wanafunzi wetu wakisema “nimekuja nimemkuta hayupo,” twajua walikotoa. Lakini kwa mtoto aliye katikati ya kazi hiyo, maana yake ni kwamba hapewi maneno ya mtoto yaliyoandikwa na mtu mzima aliyefikiri. Huyatafuta mwenyewe kwa kuwasikiliza wakubwa, na akipatia huchekewa na kusifiwa. Lulu alipatia. Alikuwa na wepesi wa kujibu na ujeuri wa kupendeza ambao watazamaji waliupenda, na hatuoni sababu ya kumnyima sifa hiyo kwa ajili ya yaliyotokea baadaye.

Kisha televisheni ikapata mpinzani. Mwaka 2003 ilitoka filamu ya video iitwayo Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, na mafanikio yake yakaonyesha kwamba hadithi iliyotengenezwa kwa kamera ya kawaida inaweza kuuzwa nyumba kwa nyumba. Waigizaji wa Kaole mmoja mmoja wakahamia huko. Kanumba alikwenda mbali kuliko wenzake: mwaka 2006 alitoa Dar to Lagos pamoja na waigizaji wa Nijeria, mwaka 2008 Oprah, na mwaka 2011 Devil Kingdom akiwa na Ramsey Nouah. Msomaji ataona kwamba majina yote haya ni ya Kiingereza ilhali mazungumzo ni ya Kiswahili. Hili limetusumbua muda mrefu, nasi twadhani halikuwa kasumba tu. Jalada lilitakiwa livuke mipaka, nalo lilivuka, hata likatufikia sisi.

Lulu alihama pamoja na wakubwa wake. Lakini soko la filamu za video halikuwa kama lile la michezo ya jioni. Mchezo wa televisheni hutazamwa na familia nzima, na ndani yake mtoto ana mahali pake kama mjukuu, jirani, au mwana wa kambo anayeteswa. Filamu iliyouzwa kwa jalada ilitegemea mapenzi, usaliti na nyumba za fahari, na humo msichana mwenye sura ya kupendeza alikuwa na mahali pamoja tu. Hivyo kabla hajatimiza miaka 17 Lulu alikuwa amekwisha kupewa sehemu za wasichana wakubwa wenye wapenzi. Magazeti ya udaku nayo yaliandika juu ya mavazi yake na usiku wake kana kwamba ni mwanamke wa miaka 25, kisha yakamlaumu kwa kutokuwa na adabu za mtoto. Waandishi hao hao ndio waliomwita kwa neno moja tu, “msanii.” Hebu tulitazame neno hili. Ni neno zuri, lakini halina umri. Lahaja na desturi zetu zina maneno mengi ya kupimia miaka ya mtoto wa kike: kitoto, kigoli, mwari, msichana, binti. Kinyarwanda nacho kina umwangavu kwa yule aliye katikati, ambaye si umwana tena na bado hajawa inkumi. Neno “msanii” huyafuta yote hayo kwa mpigo mmoja. Mtoto wa miaka tisa ni msanii, na baba wa miaka hamsini ni msanii, na magazeti huwaandikia wote kwa kalamu moja.

Jambo hili si la Tanzania peke yake, wala si la zama zetu tu. Huko Marekani katika miaka ya 1930 mtoto maarufu kuliko wote alikuwa Shirley Temple, aliyezaliwa mwaka 1928. Ili aendelee kuonekana mdogo, umri wake ulipunguzwa mwaka mmoja katika kumbukumbu, naye mwenyewe aliambiwa ukweli siku aliyodhani anatimiza miaka 12, kumbe anatimiza 13. Kwake umri ulirudishwa nyuma. Kwa Lulu ulisukumwa mbele. Kanuni ni ile ile: umri wa mtoto wa sinema huwekwa pale soko linapoutaka. Mwenzake wa kabla yake, Jackie Coogan, aliyecheza na Charlie Chaplin mwaka 1921, alipofika utu uzima alikuta fedha zake karibu zote zimetumiwa na mama yake na baba yake wa kambo. Kesi yake ndiyo iliyoleta sheria ya California ya mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Temple alibahatika: aliacha filamu mwaka 1950 akiwa na miaka 22, na baadaye akawa balozi wa nchi yake huko Ghana, kisha Czechoslovakia. Lakini alikuwa na mlango wa kutokea. Msichana wa Kaole hakuwa na chama chenye nguvu, wala sheria ya mapato, wala shule iliyojengwa ndani ya studio.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012 Steven Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28. Lulu alikuwako. Siku ya maziko, tarehe 10 Aprili, umati uliokusanyika hadi makaburi ya Kinondoni ulikuwa mkubwa kiasi cha kuwashangaza hata waliokuwa wakiidharau sanaa hii, na habari zake zilisikika Kigali siku hiyo hiyo. Tarehe 11 Aprili msichana alifikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu akishtakiwa kwa mauaji. Hati ya mashtaka ilisema ana miaka 18. Yeye na mawakili wake wakasema hapana, ana miaka 17. Kwa tarehe ya kuzaliwa tuliyoitaja hapo juu, siku ya kifo kile alikuwa bado na siku tisa kuifikia 17.

Msomaji asidhani huu ulikuwa ubishi wa mawakili wa kupotezea muda. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 husema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na hapa Rwanda sheria yetu husema vivyo hivyo. Kwa hiyo tarakimu ile moja ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuamua kama aliyesimama kizimbani ni mtoto au mtu mzima, na kama shauri lake liendeshwe kwa utaratibu upi. Suala la umri liliondoka Kisutu likapanda Mahakama Kuu, na hatimaye likafika Mahakama ya Rufani, huku mwenyewe yuko mahabusu Segerea. Nchi nzima ilikuwa imemtazama huyu mtoto tangu akiwa na meno ya utoto, na bado haikuweza kukubaliana ana miaka mingapi.

Kuna na kipengele kingine, nasi hatuoni vema kukipita kimya kwa kuwa tu kinamhusu marehemu apendwaye. Mahakamani ilikuja kuelezwa kwamba wawili hawa walikuwa na uhusiano wa kimapenzi: mwanamume wa miaka 28 na msichana wa miaka 16. Vijiweni na magazetini watu waliuliza kwa nini alimponza kaka yao. Wachache sana waliuliza swali la upande wa pili. Nayo sheria yenyewe ilikuwa na ndimi mbili, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Msichana wa miaka 16 alikuwa mtoto kwa sheria moja na mchumba kwa sheria nyingine. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vya ndoa vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwezi Oktoba 2019. Lakini mwaka 2012 hayo yalikuwa hayajasemwa.

Sote twafundisha methali ya “mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.” Tukiichambua darasani huishia katika kiambishi cha nafsi: u- ni nani? Mwanafunzi hujibu kwamba ni mzazi. Katika habari hii jibu hilo halitoshi. Lulu alikuwa na wazazi, lakini alilelewa pia na kikundi, na watayarishaji waliomchagulia sehemu za kucheza, na wauzaji walioweka picha yake kwenye jalada, na watazamaji, wakiwamo wa Kigali, walioipenda picha hiyo na kuinunua. Kiambishi ni kimoja, wenye nacho ni wengi.

Mwishoni mwa Januari 2013, baada ya miezi tisa na zaidi ya kuwa ndani, na baada ya shtaka kubadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, alipewa dhamana. Alichokifanya baada ya hapo kinastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayetaka kumhukumu kama mwigizaji. Mwezi Agosti mwaka huo huo alizindua filamu yake katika ukumbi wa Mlimani City, akaiita Foolish Age, yaani umri wa ujinga. Twaweza kusema ni biashara, na bila shaka biashara ilikuwamo. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza neno umri kuwekwa katika jalada na yeye mwenyewe.

Mwaka uliofuata ikaja Mapenzi ya Mungu, na safari hii jina ni la Kiswahili. Humo aliigiza pamoja na Flora Mtegoa, mama mzazi wa Kanumba. Mtu asiyeijua Dar es Salaam ya miaka ile atadhani twabuni. Mama aliyempoteza mwanawe na msichana aliyeshtakiwa kwa kifo cha mwana huyo walisimama mbele ya kamera moja, katika filamu moja, wakilipwa kwa kazi moja. Mapatano ya namna hii hayaandikwi katika sheria yoyote. Wala hayakudumu, kama magazeti yalivyoonyesha baadaye. Lakini filamu ipo. Kwa maoni yetu ndiyo kazi yake iliyokomaa kuliko zote. Ule wepesi wa kujibu wa Kaole umetulia, na ananyamaza mahali ambapo zamani angeongeza neno. Mwezi Machi 2016, katika tuzo za filamu za Afrika zilizotolewa Lagos, kazi hiyo ilipata tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki. Jukwaa hilo lilikuwa katika mji ule ule ambao Kanumba aliutia katika jina la filamu yake miaka 10 kabla.

Kesi yenyewe ilisikilizwa Oktoba 2017, miaka mitano na nusu baada ya tukio, mbele ya Jaji Sam Rumanyika wa Mahakama Kuu. Mshtakiwa alijitetea kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akimpiga na kwamba hakumsukuma. Tarehe 13 Novemba alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia na kuhukumiwa kifungo cha miaka miwili. Alikuwa sasa na miaka 22, na shauri la umri halikuwa na kazi tena. Hatuna haja ya kurudia ushahidi, wala si kazi ya walimu wa lugha kuipima upya hukumu. Twasema tu kwamba aliyehukumiwa alikuwa mwanamke mtu mzima kwa jambo lililotokea alipokuwa, kwa hesabu ya tarehe yake ya kuzaliwa, mtoto.

Mei 2018, baada ya punguzo la adhabu lililotolewa na Rais katika sikukuu ya Muungano, alitoka gerezani kwenda kumalizia muda uliobaki kwa kutumikia jamii nje, na Novemba mwaka huo akawa amemaliza. Wakati huo biashara aliyokulia ilikuwa imebadilika sana. Sahani za filamu zilikuwa zimepoteza soko kwa nakala za wizi na kwa simu za mkononi, na wengi wa wenzake wa Kaole walikuwa wamerudi kwenye tamthilia za televisheni, pale walipoanzia. Hakukimbilia kamera. Kwa mtu aliyeizoea tangu kabla ya kujua kusoma vizuri, twadhani huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko watu wanavyofikiri.

Februari 2021 aliolewa jijini Dar es Salaam, na picha za siku hiyo zikaenea hadi Nyamirambo. Alikuwa bado miezi miwili kutimiza miaka 26.